Mmakonde wa Upande Upi?

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Edward Twining, ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na TAA, chama ambacho mwaka uliofuata kiligeuka kuwa TANU. Karani wa boma akaambiwa achague, mshahara au siasa. Kwa askari wa King's African Rifles hata waraka haukuhitajika. Askari mwenye kadi ya chama hakuwa askari tena, alikuwa kesi.

Miaka 11 baadaye, Januari 1964, Rais Julius Nyerere aliwataka vijana wa TANU Youth League, popote walipo, waende kwenye ofisi ya chama iliyo karibu wakajiandikishe, kwa kuwa kutoka kwao ndiko kungeanza kujengwa jeshi jipya. Kadi iliyokuwa hatia ikawa ufunguo.

Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, ufunguo ukawa hatia tena. Ibara ya 147 ya Katiba inampiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Amebakiziwa kura yake, na kura ni siri.

Kwa hiyo, ndani ya miaka isiyofika 40, swali moja lililoulizwa kwa kijana anayetaka kubeba silaha ya taifa lilipata majibu sahihi matatu: sina, ninayo, sina. Swali halikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho muulizaji alikuwa anakiogopa.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Amemaliza shahada ya uhandisi, amepita JKT, na anataka kuwa ofisa wa JWTZ. Ndoto yake ina ramani kamili: Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, miezi ya kuitwa ofisa mwanafunzi, kisha asubuhi moja Amiri Jeshi Mkuu anawatunuku kamisheni na yeye anatoka uwanjani akiwa Luteni Usu. Kati yake na asubuhi hiyo kuna mambo anayoyaweza: mbio, mitihani, vipimo vya afya. Na kuna jambo moja ambalo hawezi kulifanyia mazoezi. Linaitwa upekuzi. Mtaani wengi husema vetingi.

Neno upekuzi nalipenda kwa ukweli wake. Kupekua ni kazi ya kuku jalalani: anachimba kwa kucha, anatupa huku na huku, hajui anachotafuta mpaka akione. Kwa familia yetu ukucha uligonga kitu. Jina letu la ukoo ni la Kimakonde, na mzee mmoja wa Kimamba alipoulizwa habari zetu, swali lililomfikia lilikuwa hili: hawa ni Wamakonde wa upande upi wa Ruvuma?

Jibu la kweli ni kwamba babu yangu alitoka upande wa kusini, Msumbiji. Alikuja kukata mkonge.

*

Wilaya ya Kilosa imejengwa na watu waliokuja kutoka kwingine. Wenyeji wake ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, lakini reli ya kati ilipofika enzi za Wajerumani, mashamba ya mkonge yalitanda Kimamba, Rudewa na kwingineko, na mkonge unataka mikono mingi. Mikono ikaletwa kutoka Songea, Iringa, Kigoma, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Watu walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Babu alipewa namba na kipande, karatasi ya kuwekewa alama kila alipomaliza ngwe ya siku. Hakuna aliyemuuliza kabila la mama yake wala mawazo yake. Upekuzi wake ulikuwa wa mabega na viganja.

Jeshi la wakati ule halikuwa tofauti sana na shamba. Wapimaji wa KAR walizunguka wilayani wakitazama kifua, urefu na nyayo. Walikuwa na imani yao kwamba yako makabila ya vita na makabila ya jembe, wakawapendelea Wahehe, Wanyamwezi, Wakuria na Wangoni. Kijana aliyesoma hawakumtaka. Kusoma kulileta maswali, na askari mwenye maswali alikuwa hatari kuliko asiyejua kusoma. Ofisa alikuwa Mwingereza. Ni mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo kilipoanzishwa cheo cha efendi, daraja la katikati kwa Mwafrika aliyepanda kutoka chini.

Miongoni mwa waliopewa uefendi mwaka 1959, upande wa Uganda, alikuwemo Idi Amin. Alipita kwa sifa zile zile zilizotafutwa: mwili mkubwa, utii kwa wakubwa, ubingwa wa ngumi. Mwaka 1962 kikosi alichokiongoza kilihusishwa na mauaji ya Waturkana. Wakubwa walijua, shauri likajadiliwa, akabaki jeshini. Upekuzi ulikuwa umeuliza kila kitu kuhusu kifua chake, haukuuliza angefanya nini mbele ya mtu asiye na silaha.

Tanganyika ilirithi jeshi lililochaguliwa kwa vipimo hivyo. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, vikosi vya KAR vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles. Bendera mpya, kofia mpya, maofisa wengi bado Waingereza. Hata kambi ya Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako kikosi hicho kilipigana mwaka 1941.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao Waingereza wakaingia mjini. Kesho yake Tabora nako kukafuata. Walitaka mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260, na walitaka Waingereza waondoke. Oscar Kambona ndiye aliyesimama mbele ya bunduki kuzungumza nao. Wiki hiyo hiyo maasi yakatokea Jinja na Lanet. Alfajiri ya 25 Januari, kwa ombi la Nyerere, makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli Centaur na kuwanyang'anya askari silaha. Nchi yenye uhuru wa miaka miwili ikaokolewa na mkoloni wake wa jana, na Nyerere hakuficha aibu aliyoiona.

Waasi wale walikuwa wamefaulu vipimo vyote vya kikoloni, vya mwili, vya kabila na vya kutojihusisha na siasa. Jeshi likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964, siku ambayo JWTZ huiadhimisha hadi leo, likazaliwa jipya, likiongozwa na Mirisho Sarakikya, ofisa kijana aliyesomea Sandhurst. Safari hii mlango ulikuwa wa chama. Jeshini kukawa na elimu ya siasa, matawi ya chama na makamisaa. Na katika miaka hiyo hiyo TANU ikaanzisha mashina ya nyumba kumi kumi nchi nzima. Kila nyumba kumi zikawa na balozi wake, mtu anayejua nani amelala wapi, nani hajalipa ada ya chama, mtoto wa nani amekamatwa na bangi. Dola ikapata kitu ambacho KAR haikuwa nacho: jicho lililokaa kibarazani.

*

Baba mdogo aliingia jeshini kupitia jicho hilo, mwaka 1975, akitokea Kimamba. Nilimwuliza walimpekua vipi. Akacheka. "Balozi aliandika barua nusu ukurasa. Kwamba mimi ni mwana-TANU, mtoto wa manamba, sina ugomvi na mtu. Basi."

Mtoto wa manamba. Mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa yametaifishwa mwaka 1967, na Azimio la Arusha lilikuwa limemtukuza mfanyakazi juu ya bwanyenye. Katika barua ya balozi, babu yangu na kipande chake alikuwa sifa. Upande wa Ruvuma aliotoka haukumsumbua mtu. Frelimo ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wamefunzwa Kongwa, ng'ambo ya milima yetu, na Nachingwea. Mwaka ule ule wa 1975 Msumbiji ilipata uhuru, na kuwa na damu ya huko lilikuwa jambo la kuimbiwa.

Miaka mitatu baadaye baba mdogo alipelekwa Kagera, kisha Uganda, kupigana na jeshi la yule efendi wa mwaka 1959. Alirudi na makovu ambayo hapendi kuyazungumza, akastaafu akiwa sajini. Ndiyo maana aliposikia kwamba mjukuu wake anaulizwa upande wa Ruvuma, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi niliulizwa kama nawezana na mzigo."

Nisieleweke kwamba mlango wa chama ulikuwa bora. Nao ulikuwa na vipofu wake. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, kizimbani pamoja na Bibi Titi Mohamed na Michael Kamaliza walisimama maofisa wa jeshi. Mwaka 1983 ikafichuliwa njama nyingine ya kuipindua serikali, na katika kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la Hatibu Gandhi na wenzake, maofisa wa JWTZ wakajikuta mahakamani tena. Wengine wakafungwa maisha. Hawa walikuwa wamekula kiapo, wamefundwa siasa, wametoka katika jeshi ambalo milango yake ililindwa na chama. Kadi mfukoni haikuwa dirisha la moyoni.

Halafu ukaja mwaka 1992. Hofu ya zamani ilikuwa askari asiye na chama. Hofu mpya ikawa askari mwenye chama, maana sasa vyama vilikuwa vingi na bunduki ni moja. Wanajeshi waliokuwa na mguu mmoja kambini na mwingine chamani wakatakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyepata kufundisha siasa Monduli, alivua magwanda akiwa Luteni Kanali akaendelea na siasa, na mwaka 2005 akarudi kwenye magwaride hayo akiwa Amiri Jeshi Mkuu.

*

Leo matangazo ya JWTZ ya kuandikisha vijana yanasomeka wazi. Mwombaji awe raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Awe na kitambulisho cha Taifa, cheti halisi cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Awe na tabia njema na asiwe amepatikana na hatia ya jinai. Awe hajaoa au hajaolewa. Asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo au KMKM. JKT nayo, anakoanzia kijana wa kujitolea, huratibu maombi kupitia ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya anakoishi mwombaji. Yote hayo yameandikwa na yanaeleweka.

Upekuzi wenyewe unaanzia pale maandishi yanapoishia. Mtu anakuja mtaani, anasalimia, anauliza. Na hapo ndipo Kilosa na Mikumi, sehemu mbili za wilaya moja, zinapokuwa nchi mbili tofauti.

Kilosa ni mji mzee. Boma la Mjerumani, reli, mto Mkondoa, familia zilizozikana na kuoana kwa vizazi vinne. Ukiuliza habari za mtu utapewa na za bibi yake, pamoja na deni ambalo babu yake hakulilipa. Mikumi ni mtoto wa barabara. Reli ndogo kutoka Kilosa kwenda Kidatu, Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia, ndivyo vilivyoukuza. Malori yanalala hapo, nyumba za wageni zinajaa na kumwagika kila siku, mafundi wa matairi wanahamia msimu huu na kuhama msimu ujao. Kaka yangu alikwenda Mikumi kufungua gereji, na mtoto amekulia huko, katika nyumba za kupanga tatu tofauti. Mwenyekiti wa kitongoji alipoulizwa habari zake alijibu kwa uaminifu kabisa: "Namwona, lakini simjui."

Kwa hiyo kijana ana mahali wanapomwona bila kumjua, na mahali wanapomjua bila kumwona. Mikumi haina kumbukumbu yake. Kimamba ina kumbukumbu nyingi kupita kiasi.

Na kumbukumbu za jirani si mizani safi. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Yupo kijana wa Kiparakuyo kutoka Twatwatwa ambaye leo anaweza kutaka kuwa ofisa, na yupo mkulima aliyepoteza ndugu yake siku ile. Mkulima akiulizwa kuhusu tabia ya kijana ambaye hakuwa hata amezaliwa, atajibu kuhusu nani? Dola inapouliza jirani, inauliza pia makaburi ya jirani.

Kuna kejeli nyingine ndogo. Watu wa mtaani bado huanzia kwa balozi wa nyumba kumi wanapotaka mtu wa kuwathibitisha, na balozi tangu 1992 ni wa chama, hana mamlaka ya serikali. Ushahidi kwamba kijana anafaa kwa jeshi lisilotaka vyama unaanza kwa mtu aliyepewa kiti na chama.

Karatasi zingetusaidia, lakini mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja kingo zake. Mafuriko yale yalibomoa nyumba, yakang'oa reli, yakawaacha maelfu ya watu kwenye mahema. Kwetu yaliondoka na sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na vipande vya babu na kadi ya kliniki ya kaka. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutafutwa upya RITA. Kipande cha shamba ambalo halipo tena utakitafutia wapi?

*

Nilianza kusoma sheria kwa hasira, nikamaliza kwa mshangao. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, haikuuliza kabila. Iliuliza mambo ambayo mtu anaweza kuyathibitisha. Aliyezaliwa Tanganyika na kuwa chini ya hifadhi ya Uingereza siku moja kabla, alikuwa raia papo hapo, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Mmoja, baba au mama.

Babu, kwa sheria hiyo, hakuwa raia wa papo hapo. Hilo ni kweli na hakuna haja ya kulificha. Lakini baba yangu alizaliwa Kimamba kabla ya uhuru, na mama yake, bibi yetu, alikuwa Msagara wa Ulaya. Nasema Ulaya ile ya kwetu, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Baba akawa raia siku ya kwanza kabisa ya nchi hii, kupitia kwa mama yake. Kaka yangu ni mtoto wa raia. Mtoto wake ni mtoto wa raia. Mnyororo hauna pengo, ila pete yake ya kwanza ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika jina la mtu yeyote kati yetu.

Hapo nikatambua kitu ambacho wazee wa Kisagara wangeniambia bure. Wasagara, kama Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa mama. Kwao, watoto wa bibi walikuwa Wasagara tangu walipolia mara ya kwanza, awe baba yao ametoka kusini ya Ruvuma au kusini ya jua. Ni daftari za serikali zilizotuandika kwa jina la baba, na upekuzi ukafuata daftari. Sheria ya 1961 na mila ya Ulaya zilikuwa zimekubaliana. Aliyewapita wote wawili ni mtu aliyeuliza, "Baba yao ni wa wapi?"

Tulikwenda Ulaya, mimi na yule kijana. Bibi alizaliwa kabla usajili wa vizazi haujafika vijijini, kwa hiyo cheti hakipo. Lakini walikuwepo wajukuu wa dada yake, walikuwepo wazee wawili waliokumbuka harusi yake na manamba, na ugomvi uliotangulia harusi hiyo. Lilikuwepo kaburi la mama yake. Wazee wakaapa, hati ya kiapo ikaandikwa, kijana akaiweka katika bahasha yake pamoja na shahada.

*

Sidai kwamba upekuzi ufutwe. Ofisa wa jeshi anaamuru watu wenye silaha, anasoma ramani ambazo mimi na wewe hatupaswi kuziona. Nchi iliyoonja Januari 1964 ina haki ya kumjua anayempa amri ya kikosi. Kila jeshi duniani linafanya hivyo. Marekani humtaka ofisa mtarajiwa awe raia anayestahili kuaminiwa na siri, na fomu yao ya kawaida ina kurasa zaidi ya 100. Inauliza ulikolala kwa miaka 10, madeni yako, dawa za kulevya, jamaa zako walioko nje. Mwaka 2015 wizi wa kimtandao uligundulika katika ofisi iliyokuwa ikitunza taarifa hizo, na taarifa za watu milioni 21.5 zilikuwa zimechukuliwa. Kumbe hata mpekuzi hupekuliwa.

Lakini huko huko kuna kisa kinachostahili kusomwa Kilosa. Mhandisi wa ndege aitwaye William Greene alinyang'anywa kibali cha usalama kwa maneno ya watu ambao hakuwahi kuwaona, akapoteza kazi. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, ikisema serikali haikuwa imepewa mamlaka ya kumhukumu mtu kwa njia ile bila kumkutanisha na waliomtuhumu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatoa amri ya kuweka utaratibu wa kusikilizwa. Mwaka 1988 mahakama hiyo hiyo ikasema pia kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali. Yote mawili yanaweza kusimama pamoja: dola haiwajibiki kukuamini, ila inawajibika kukuambia kwa nini haikuamini.

Karibu zaidi na kwetu kuna onyo. Dakawa, kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, ANC ilikuwa na makazi ya wakimbizi wake kutoka Afrika Kusini. Chama hicho kilikuwa na sababu ya kuogopa majasusi, kwa kuwa makaburu kweli waliwatuma. Lakini kule Angola, katika kambi ya Quatro, hofu hiyo iligeuka kuwa mateso ya vijana waliotuhumiwa bila nafasi ya kujibu. Tume ziliundwa miaka ya 1992 na 1993, ya pili ikiongozwa na Sam Motsuenyane, na ukweli huo ukaandikwa. Watu walioikimbia dola isiyojibu maswali walijenga chumba kidogo kisichojibu maswali.

Kwetu hakuna Quatro, na namshukuru Mungu. Kwetu kuna ukimya. Orodha inatoka, jina lipo au halipo. Kijana ambaye jina lake halipo hajui kama alishindwa mbio, kama nafasi zilijaa, au kama mzee fulani kibarazani alisema neno. Anarudi nyumbani na tuhuma isiyo na maandishi, na tuhuma isiyo na maandishi haifutiki. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika giza hilo kila jirani anaanza kufanana na adui.

Ninachokitaka ni kidogo. Swali likihusu uraia, liulizwe kama sheria inavyouliza, kwa mzazi yeyote mmoja, na lijibiwe kwa ushahidi. Neno la jirani liandikwe, lipimwe na mtu wa pili. Na kijana aliyekataliwa kwa sababu isiyo siri ya vita aambiwe sababu hiyo, ili kama ni uongo aukanushe na kama ni kweli aende akaishi maisha mengine.

Nawe unayesoma, kama una bibi aliye hai, muulize alizaliwa wapi, mama yake alizikwa wapi, nani alishuhudia. Andika, weka mbali na mto. Huwezi kujua hofu ya kesho itauliza swali gani.

Mtoto wa kaka yangu anasubiri. Anakimbia kila alfajiri kandokando ya barabara kuu ya Mikumi kabla malori hayajaamka. Nilimwuliza, siku akiulizwa tena yeye ni Mmakonde wa upande upi, atajibu nini. Alifikiri kidogo, kwa uzito wa mtu ambaye tayari anajiona mbele ya meza.

"Nitasema mimi ni wa Ulaya, shangazi. Halafu nitawaeleza ipi."